Zote Kasoro Moja

Mtani wangu Festo,

Santuri yako imefika. Imeletwa jana mchana na yule mama wa posta anayevaa kofia ya jua hata siku ya mvua. Ameiegemeza mlangoni akaondoka, maana siku hizi hawagongi, wanaacha kitu na kukimbia kama watoto waliovunja kioo cha watu. Tangu jana nimekaa nayo mezani. Nimeifungua, nimeifunga, nimeifungua tena. Ni santuri mbili ndani ya jalada moja, na juu ya jalada ni wewe, yule Festo wa Arlington, umevaa ile suruali iliyokubana mpaka nikakuambia Mgogo wewe leo utapasuka mbele za watu. Umeinua gitaa, mguu mmoja hewani. Umependeza. Naumia kuandika hivyo, kwa sababu ulipokuwa hai sikukuambia hata mara moja.

Niko nyumbani mchana kutwa, jambo ambalo hukuwahi kuliona. Tangu ugonjwa huu wa dunia nzima uingie, ndege zimelala, na sisi tuliokuwa tunapanga vyakula vya abiria hapa Irving tumeambiwa tusubiri kupigiwa simu. Simu haijapigwa. Hafla ya kuizindua santuri yako, iliyokuwa ifanyike Dallas kwenye duka la santuri, nayo imefutwa. Binti yako Neema alikuwa ameshanunua gauni. Alikuwa aendeshe gari kutoka Houston na wajukuu zako wote wawili, waje wakusikie ukipigwa kwa sauti ya juu mbele ya watu waliokuja kwa ajili yako tu. Sasa umetoka kimyakimya. Mgogo huna bahati hata ukishakufa.

Jina la santuri alilichagua Neema, na Travis, yule kijana anayeitoa, akalikubali palepale bila kujua Kiswahili hata kidogo. *Zote Kasoro Moja*. Nyimbo ishirini na mbili, kuanzia ulipokuwa kijana Dodoma mpaka ulipolisukuma gitaa chini ya kitanda ukasema basi. Na moja haipo. Hiyo moja ndiyo iliyoniketisha hapa na kalamu. Ulikufa ukiamini unajua ilikopotelea. Hukujua. Mimi nilijua, nimejua siku zote, na nakuandikia leo kwa sababu nilishindwa kukuambia ulipokuwa na masikio ya kunisikia.

Lakini ningoje kidogo. Unatujua Wanyamwezi, mzigo mzito hatuutui kwa mara moja.

Nimezisikiliza zote. Upande wa kwanza ni zile ulizorekodi redioni Dar, wakati kiongozi wa bendi yenu ya hoteli anakufokea kila siku. Yeye alitaka dansi, wimbo wa dakika kumi, magitaa yachezeane mpaka watu watoke jasho. Wewe ulitaka dakika tatu, gitaa la kukwaruza, kiitikio kitamu kama pipi ambacho mtu anakishika mara ya kwanza, na maneno ya kuachwa na kusahauliwa. Wimbo wa kulia, lakini unaimbwa kwa kurukaruka. Mtu akiweka soda chini aende kucheza, wimbo umeisha. Nilikutania sana kwa hilo. Leo nimezisikiliza nikiwa peke yangu jikoni na nimeelewa kwa nini ulikuwa na haraka: ulikuwa unaogopa watu wataondoka kabla hujamaliza kusema.

Halafu inakuja ile santuri ndogo ambayo Travis aliiokota Denton kwenye rundo la santuri kuukuu, haina jalada, jina lako limekosewa. Unakumbuka alivyohangaika? Kijana wa Kizungu mwenye masharubu mengi kuliko uso, kaingia na simu yake kwenye duka la Wakenya pale Arlington, anamchezea kila mteja wimbo wako na kuuliza ni lugha gani na huyu ni nani. Mama mwenye duka akamwambia, "Huyu si yule wa kupiga kwa maharusi? Muulize Zena." Zena ndiye mimi. Mimi ndiye niliyempa namba yako ya Houston. Kila kilichokuja baadaye kilipitia mikononi mwangu, kizuri na kibaya.

Na upande wa tatu ni sisi. Gereji ya Beto kule Arlington, yule Mmeksiko wetu wa ngoma, mlango umeteremshwa kwa sababu ya majirani, joto la kuivisha mkate. Mimi natoka kazini moja kwa moja, kofia ya wavu bado iko kichwani, nasimama mbele ya maiki kuimba sauti ya pili. Nikikuzidi unanielekezea kidole chini. "Mpagazi, beba," ulikuwa unaniambia. "Usinipite, usiachwe. Beba tu." Ulinitania hivyo kwa sababu babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo ya watu mpaka pwani wakipitia nchi yenu kavu, na mimi nikakujibu kwamba babu zenu walikaa njiani kuomba. Miaka yote tulitukanana hivyo na hakuna aliyekasirika. Ndiyo raha ya utani. Unaweza kumchukulia mtani wako kuku, ukamla, ukamrudishia manyoya, na yeye acheke.

Harusi ya Fort Worth pia imo ndani, ule wimbo mmoja ambao mtu aliurekodi kwa kamera ya video. Unamsikia kabisa mshereheshaji akisema, "Kaka, watu wanataka kucheza, tupigie kitu cha nyumbani." Na unamsikia mama mmoja karibu na kamera akiuliza, "Kwani hawa wanagombana na nani?" Ulicheka jukwaani. Ulicheka tukipakia vyombo. Kisha kwenye gari hukusema neno kutoka Fort Worth mpaka mlangoni kwangu, na mimi nikajifanya nimelala.

Sasa niutue mzigo.

"Usinisubiri Chakula." Siku uliyoniimbia mara ya kwanza ulikuwa umekaa juu ya boneti ya gari lako, kwenye maegesho ya nyumba zetu, watoto wa jirani wanaendesha baiskeli wakikuzunguka. Kijana anampigia mama yake simu. Mama, usinisubiri chakula, nitachelewa kidogo. Gitaa linakimbia, kiitikio kinaruka, unataka kupiga makofi. Beti ya pili anamwambia afunike sahani. Mpaka ufike beti ya tatu ndipo unang'amua kwamba huyu mtu hayuko mtaa wa pili, yuko ng'ambo, na amechelewa miaka, na ile sahani imefunikwa miaka. Na gitaa halipunguzi mwendo. Beto hakujua neno moja la Kiswahili, lakini siku tuliyoufanyia mazoezi aliweka vijiti chini akatoka nje kuvuta sigara. Sote tulijua. Wewe mwenyewe uliuogopa.

Mkaurekodi Dallas kwa siku moja, kwa yule bwana aliyekuwa anatengeneza matangazo ya maduka ya mazulia. Mimi nilikuwa kazini, sauti ya pili ikabaki ya kuongezwa. Ulitoka na kaseti moja. Ukavivunja vile vipande viwili vya plastiki vya juu ili mtu asije akarekodi juu yake kwa bahati mbaya, ukaniletea mkononi. "Jifunze sehemu yako, turudi tumalizie. Usiipoteze, mtani. Hii ndiyo yenyewe."

Unajua mama yangu wa Tabora hakujua kusoma. Barua zetu zilikuwa kaseti. Yeye anaongea upande mmoja, anampa msafiri, mimi nasikiliza, naongea juu yake, nampa msafiri mwingine. Kaseti ileile ilikwenda na kurudi mpaka utepe ukakatika ndani ya redio yangu. Nilikuwa sijamsemesha mama miezi saba. Nilisikia anaumwa. Siku hiyo Mama Salma, aliyekuwa anasafiri kwenda nyumbani, akanipigia simu, "Zena, na-check in saa kumi, kama una kitu cha mama lete sasa hivi, sikai." Ilikuwa saa nane. Nyumbani mwangu mlikuwa na kaseti moja tu, Festo, na ilikuwa yako.

Ningeweza kusema nilichanganya. Kwa miaka nimejaribu kujisimulia hivyo. Lakini mtu aliyechanganya hakati selotepu. Redio ilikataa kurekodi kwa sababu ya vile vipande ulivyovivunja. Nikaitoa kaseti, nikaiangalia, nikajua kwa nini umevivunja, nikafungua droo, nikakata vipande viwili vya selotepu nikaziba matundu. Nikajiambia kule studio utepe mkubwa upo. Nikajiambia Festo ni mtani wangu, cha mtani hakiibwi, kinachukuliwa. Nikabonyeza. "Shikamoo mama, ni mimi Zena, huku hatujambo." Nikaongea pande zote mbili. Nilimwambia nimenenepa. Nilimwambia hapa hakuna baridi. Nikaendesha mpaka uwanjani nikiwa na furaha, nakumbuka nilikuwa naimba.

Wiki tatu baadaye ukaja kwangu umechoka. Yule bwana wa mazulia alikuwa ameurekodia ule utepe mkubwa matangazo mengine. Ulifika unacheka kicheko cha mtu aliyekoswakoswa na gari. "Afadhali nilikupa ile kaseti." Nilikuwa nasonga ugali, mwiko mkononi. Sikugeuka. Nikasema, "Si nilikurudishia, Festo? Jumapili ile. Umeiweka wapi tena?"

Hukubisha. Hilo ndilo linaloniua. Ungebisha kidogo tu ningeanguka palepale, maana njia ya mwongo ni fupi. Lakini ulijigonga kichwa kwa kiganja ukasema, "Kumbe. Basi itakuwa kwenye maboksi yangu." Uliniamini kuliko ulivyoamini akili yako.

Na kwa kuwa uliamini ipo, hukutaka kuurekodi upya. Beto alikuomba. Mimi nilikuomba kuliko wote, unajua sasa kwa nini. Wewe ukasema, "Nipike tena chakula ambacho kiko kwenye friji? Nitaiona tu." Ukaitafuta. Mwaka mmoja ukaingia mwingine, Beto akarudi kwao, bendi ikafa, ukahamia Houston kwa mwanao na maboksi yako ambayo hayajafunguliwa, na kila Idi unaponipigia kunipa mkono wa sikukuu unaniambia, "Mwaka huu nafungua yale maboksi." Nilikuwa nasema inshallah. Mtu mzima, Mwislamu, nasema inshallah juu ya uongo wangu mwenyewe.

Kisha yakaja mafuriko. Wewe ulikuwa umeshaanza kuumwa tumbo lakini hujasema. Travis alikuwa tayari anakusanya nyimbo, na umemwambia iko moja bora kuliko zote, iko kwenye boksi, wiki ijayo unalifungua. Maji hayakungoja wiki ijayo. Ulinipigia kutoka kanisani walikowahifadhi. Hukulia kwa ajili ya nyumba wala gari. "Mtani, nime-lose lile box. Lilikuwa chini, sakafuni. Nilianza kumbeba yule bibi wa jirani, Mvietnamu, maji yako kiunoni, nikampandisha ngazi kwa majirani. Kurudi, box linaelea, limefunguka." Kisha ukasema neno ambalo sijawahi kumwambia mtu. "Ningeanza na box. Bibi angengoja dakika mbili."

Wewe, Festo. Wewe uliyekuwa unasimamisha gari kwa ajili ya kobe. Nilikufanya ujutie kumwokoa mtu kwa sababu ya boksi ambalo halikuwa na kitu chochote ulichokuwa unakililia. Na mimi, badala ya kusema, mdomo wangu huu ukasema, "Ungeliweka juu ya kabati."

Nilikuja Houston mara sita ulipolazwa. Saa nne za barabara, na kila mara nikifika Huntsville nilikuwa nimeshaamua. Naingia chumbani, namkuta Neema amekaa miguuni pako, wewe umebaki macho tu, natoa uji niliokuletea na kuanza kuutania ugonjwa wako. Travis alileta mashine yake uuimbe hata kidogo kitandani. Ulifika mstari wa pili ukakohoa mpaka muuguzi akatufukuza. Travis akanigeukia mimi koridoni: si nilikuwa naimba nawe, nimwimbie basi. Nilifungua mdomo, Festo, na kilichotoka ni sauti ya pili. Nimeijua hiyo tu. Niliisikiliza mara mbili kabla sijaifuta na nilikuwa nasikiliza mahali pangu, sikushika njia yako. Sauti ya pili peke yake ni mpini usio na jembe. Travis aliirekodi kwa heshima na hakuitumia.

Mara ya mwisho nilikuwa nakuwekea vipande vya barafu mdomoni. Ukasema polepole, "Mpagazi, ule wimbo nimeuzamisha mwenyewe." Nikakuwekea kipande kingine.

Basi ukafa, na wakanitafuta mimi. Nani mwingine? Watu wa Dodoma walioko Texas walisema msiba wa Mgogo bila mtani ni msiba wa kuazima, na Mnyamwezi wa karibu ni Zena. Nikavaa lile koti lako la ngozi juu ya khanga, nikashika gitaa lako kinyume, nikaziba njia jeneza lisipite. Nikaiga mwendo wako. Nikawaambia wafiwa wasilie sana, huyu alizoea kuomba, atawaomba na machozi. Walicheka mpaka mchungaji akafuta macho. Nilikuwa na nafasi, mtani. Katika utani mtu anasema lolote na hakamatwi. Ningeweza kusema pale, mbele ya wote: kaseti yake niliila mimi. Wangecheka, halafu wangenyamaza, halafu ingekuwa imesemwa.

Nikasema nini? Nikasema, "Mgogo na maji wapi na wapi! Kwao mvua ikinyesha wanatoka nje kuipiga picha! Amepewa wimbo bora na Mungu, akauweka sakafuni Houston!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Travis alikuwa anarekodi kwa simu, na mtu kando yake anamtafsiria.

Sasa iko kwenye kijitabu ndani ya santuri yako. Ukurasa mzima. Picha ya maboksi yaliyolowa, na maneno yangu kwa Kiingereza, kwamba kama alivyosema rafiki yake siku ya mazishi, mtoto wa nchi kavu aliuacha wimbo wake bora sakafuni akaenda kumwokoa jirani. Wanakusifu. Travis anasema watu wanamwandikia kwamba huo wimbo usiokuwepo ndio wanaoupenda zaidi. Miaka arobaini ulipiga nyimbo zilizopo na hawakukutazama, leo wanaupenda uongo wangu.

Ningeweza kuishi na hilo pia. Nimeishi na mengi. Lakini jana jioni Neema alinipigia, naye alikuwa amepata santuri yake. Nilitegemea atafurahi. Alilia mpaka nikasogeza simu. Unajua watoto wetu, kikiwabana sana wanakimbilia Kiingereza. "Auntie, I can't listen to it, siwezi kuisikiliza." Nikamuuliza kwa nini mwanangu. Akasema, "Ni mimi niliyeliweka lile box chini. Dad alikuwa ameliweka juu ya meza, nikalitoa ili niweke TV. I put it on the floor. Sikumwambia. He died thinking it was him, alikufa akidhani ni kosa lake."

Nilikaa chini sakafuni na simu sikioni. Mtoto wako, Festo. Ana miaka mitatu na hilo tumboni. Amekuzika nalo. Amelichagua lile jina la santuri kama mtu anayejichapa. Na mimi nilikuwa naye kwenye simu, dakika nzima, nimeshika dawa yake mkononi, nikamwambia, "Usilie mama, ni mapenzi ya Mungu." Kisha nikasema chungu kinaungua, nikakata. Sikuwa nimepika kitu.

Kaseti ninayo. Mama alipofariki dada yangu aliniletea, kwa sababu sauti ya mwisho iliyobaki humo ni ya mama akinijibu. Leo asubuhi nimeiweka kwenye redio kwa mara ya kwanza tangu msiba wake. Nilitaka kuona kama mwishoni, baada ya mama kunyamaza, wimbo wako umebaki hata kidogo, hata gitaa linalofifia. Lakini mama alikuwa na maneno mengi. Ameniulizia kila mtu. Amenisalimia mpaka paka. Amejaza upande wa kwanza na wa pili mpaka utepe ukakatiza neno lake katikati. Nimesikiliza nyuma ya sauti yake nikiwa nimeweka sikio kwenye spika. Haupo. Na siwezi hata kutamani mama asingekuwepo. Ndivyo nilivyojifunga mwenyewe, nikiwapenda wote wawili na kumsikia mmoja.

Sina cha kukurudishia. Nimezunguka nyumba nzima nikitafuta namna, kama kuna kitu nikifanya mambo yatakaa sawa, na hakuna. Wimbo haupo, wewe haupo, na ile miaka uliyokuwa unafungua na kufunga maboksi hairudi. Wala sikuombi msamaha, maana kwa mtani nimezoea kuchukua bila kuomba, na hili halikuwa utani hata siku moja.

Ninaloahidi ni hili. Jumamosi naendesha kwenda Houston. Nitasimama nje barazani kwa Neema, mbali kidogo kama wanavyotuagiza, na barakoa yangu usoni, na nitamwambia yote: selotepu, mwiko, kabati, mazishi. Huenda akafunga mlango. Yeye ndiye mtu wa mwisho Texas hii anayenipigia simu kuniuliza kama nimekula, na najua naenda kumpoteza. Nitamwacha afunge. Kisha nitamwandikia Travis aung'oe ule ukurasa, aandike jina langu mahali pa maji. Nisipofanya hivyo, ukanikatae huko uliko.

Kwaheri, Festo. Kama huko mtu anaweza kusomewa barua, usomewe kwanza haya machache kabla ya mengine yote: ulimbeba bibi wa watu ukampandisha ngazi, ulifanya sawasawa. Ndani ya lile boksi hamkuwa na wimbo.

Mpagazi wako,
Zena